Wimbo mpya wa bendi yako umetoka na mtaani hakuna wa kumwambia: tupeane uzoefu

Fundi Rangi, Nakuru

Wadau, hamjambo. Tafadhali huu usiwe uzi wa kubishana albamu gani ni kali kuliko gani, hiyo vita tumeshaipigana tukachoka. Nataka mnijibu kitu kimoja: siku bendi yako ya roki ilipoachia wimbo mpya ulikuwa wapi, na ulimwambia nani? Maana wa bongo wana majirani wa kupigiana kelele, wa benga wana Kisumu nzima. Sisi je?

Naanza mimi. Nauza rangi Nakuru mjini. Agosti 30, 2022, Jumanne, Arctic Monkeys wakatoa "There'd Better Be a Mirrorball". Tangu albamu ya 2018 tulikuwa tumekaa miaka minne tunakula ukimya. Na mnakumbuka wiki ile. Kesi ya urais iko Mahakama ya Juu, kila redio ni seva na fomu 34A, watu hawanunui rangi, wanaingia dukani kuuliza tu, "Wamesemaje?" Mimi nilikuwa nimechomeka hedifoni sikio moja, lile la upande wa ukuta, mdosi asione.

Akaja mama mmoja anataka rangi ya maji, krimu, lita nne. Krimu iliyo tayari hakuna, ikabidi nichanganye: nyeupe, njano kidogo, halafu nyekundu tone moja au mawili, basi. Nikaanza kukoroga kwa ule mti. Wimbo ukaanza. Piano. Fidla zikaingia. Nangoja gitaa, gitaa haliji. Nangoja jamaa aimbe, haimbi. Huku mkono uko kwenye chupa ya nyekundu. Alipofungua mdomo mwishowe, aliimba polepole kama mtu anayeagana na mwenzake mlangoni, hataki kutoka na hataki kubaki. Nikasahau nimeshika nini.

Rangi ikawa pinki.

Mama akalitazama kopo, akanitazama. "Kijana, hii ni krimu ya wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejaa hadi shingoni, lazima nimwambie mtu. Mlangoni alikuwa amesimama jamaa wa mkokoteni anangoja mzigo. Nikamwambia, "Buda, Arctic Monkeys wametoa wimbo."

Akaruka. "Kweli? Wamesema nani ameshinda?"

Haya, zamu yenu.

Nyar Nyalenda, Kisumu

Fundi umenivunja mbavu. Hao wa mkokoteni wasikilizwe.

Mimi nina kisaluni Nyalenda, viti vitatu na spika moja ndogo. Sheria yangu ni kwamba anayesuka ndiye anachagua muziki. Wasichana wangu wamezoea, wateja bado. Wimbo huohuo wa Fundi niliuweka siku mbili baadaye, Alhamisi mchana. Sasa fikiria: jua la Kisumu, feni inalia, wanawake watano, na fidla zinateremka dakika nzima bila mtu kuimba. Mmoja akauliza, "Nani amekufa?" Mwingine akasema huyo mwimbaji amechelewa matatu.

Lakini kiti cha mwisho alikuwa amekaa mama mtu mzima, namsuka mistari, Jumamosi ana matanga Ahero. Alikuwa amesinzia. Wimbo ukafika katikati, nikahisi kichwa chake kinasogea kidogo mkononi mwangu. Mnajua msusi anavyojua kichwa cha mtu. Kilikuwa kinafuata wimbo. Akasema bila kufungua macho, "Huyu mtoto ni wa Jim Reeves?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Sisi tulilelewa na Jim Reeves wa Jumapili asubuhi, sahani zinaoshwa. Ile sauti ya chini, isiyo na haraka, ya mtu anayekuomba msamaha kwa kitu ambacho hujakijua bado. Wazungu mitandaoni walikuwa wanalia bendi imezeeka, imepotelea kwenye mambo ya sinema za kale, gitaa liko wapi. Mama wa Ahero alisikia mara moja kilichopo pale.

Akataka awekewe kwenye simu. Simu yake ni kabambe ya memori kadi. Nikafanya nilichofanya, na wenye wimbo wanisamehe. Jumatatu akanipigia: wameupiga asubuhi ya mazishi, kabla ya ibada, na shemeji yake alilia sana. Kwa hiyo sijui nyinyi, lakini mimi nasema wimbo ule umeshazika mtu Ahero.

Kimya Kingi, Eldoret

Mimi nilidhani hedifoni zimekufa. Nikanunua nyingine. Gitaa bado halikuja.

Saa Sita Usiku, Kisumu

Nyar Nyalenda, usiwe na wasiwasi sana na hiyo memori kadi. Hao vijana wenyewe walianza hivyo. Kwenye shoo zao za kwanza kule Sheffield walikuwa wanagawa CD za kuchoma, bure, mashabiki wakaziweka mtandaoni. 2006 albamu ya kwanza ikatoka, ikauza zaidi ya nakala 360,000 kwa wiki moja Uingereza. Matanga ya Ahero ni mwendelezo tu.

Nije kwangu. Kuna jambo ambalo linanipa raha ya kitoto na sijapata wa kumringishia. Tangu Julai 2015 albamu duniani kote zinatoka Ijumaa, na programu nyingi za muziki zinafungua saa sita usiku kwa saa za nchi yako. Sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa mbili wakati wao wako kiangazi, tatu wakiwa baridini. Maana yake? The Car, albamu yenye wimbo wa Fundi, ilitoka Ijumaa, Oktoba 21, 2022. Saa sita usiku nikiwa Milimani naisikiliza, Sheffield ilikuwa saa nne ya usiku Alhamisi. Mama mzazi wa mpiga ngoma alikuwa bado hajaruhusiwa kuisikia, na mimi nimefika wimbo wa tatu!

Kabla ya Februari 2021, Spotify ilipofunguliwa Kenya, nilikuwa naingia kwa ujanja wa VPN, simu inadhani iko Ujerumani. Kwa hiyo ningekuwa mtu wa pili kusikia. Sasa ni wa kwanza. Najua New Zealand wako mbele yetu. Hao siwahesabu.

Nilimwambia nani? Askari wa getini. Nilitoka na hedifoni saa saba usiku, nikampa upande mmoja. Akasikiliza kwa heshima, akarudisha, akasema, "Iko sawa, lakini hii ni ya kulaza mtu, mimi niko kazini."

Mulembe, Kakamega

Mimi yangu ni ya Radiohead, na ilianza kwa matanga ya kweli, si kama ya Ahero.

Mei 1, 2016, Jumapili, sikukuu ya wafanyakazi. Nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba Lurambi. Nikafungua tovuti yao, nikaona imefifia. Nikadhani ni skrini yangu, maana ilikuwa na ufa. Nikaongeza mwangaza. Kadiri saa zinavyokwenda ukurasa unazidi kuwa mweupe, mpaka ukabaki mweupe pe. Twitter yao imefutwa, Facebook imefutwa. Nikakaa kitandani kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Tulipanga chumba pamoja na mwenzangu mmoja kutoka Malava, akaniuliza kuna nini. Nikasema, "Bendi imejifuta." Akafikiri ni bendi ya harusi tuliyokuwa tumeilipia malipo ya awali. Akaanza kuhesabu hela zetu.

Jumanne, Mei 3, wakatoa "Burn the Witch" na video yake ya vinyago. Kredo yangu ilikuwa shilingi ishirini. Nilikopa, nikanunua bando, video ikawa inasimama kila baada ya sekunde kumi. Kijiji cha vinyago, mtu anaangalia kitu, inasimama. Fidla tatatatata, inasimama. Iliniachia fidla tu, kwa vipande, kama unakula muwa.

Sasa sikilizeni. Babu yangu alikuwa mpiga shiriri. Kwa wasioijua, ni fidla yetu ya uzi mmoja, inakaa pajani. Alikuwa na mchezo, akichoka kuuvuta upinde anaupiga kwenye uzi kama anagonga mlango, watoto tunacheka. Kwenye wimbo ule fidla zinagongwagongwa namna hiyo, hazivutwi. Yule wa Malava alikuwa amelala anatazama ukuta. Akasema, "Huyo ni babu yako?"

Hajawahi kuipenda Radiohead mpaka leo. Lakini wimbo ule akiusikia kwangu huniuliza, "Babu anasemaje?"

Mzee wa Kondele, Kisumu

Vijana, nawasoma hapa mnalia upweke. Sisi wengine roki ilitufuata mpaka nyumbani.

Miaka hiyo nilikuwa na kibanda cha kanda na CD Kondele. Wengi wenu hamjui kwamba kuna bendi iliitwa Extra Golden, nusu Wamarekani wa roki ya pembeni, nusu wanabenga wetu. Mmarekani mmoja, Ian Eagleson, alikuja Kenya kusomea benga kwa ajili ya shahada yake, akakutana na Otieno Jagwasi, mwenzake Alex Minoff akaja na gitaa lake, wakarekodi. Otieno alifariki 2005, albamu ya kwanza ikatoka 2006, hakuiona. Wakaiita Ok-Oyot System. Kwa wasiosikia Dholuo, ok oyot ni kusema si rahisi.

2007 ikaja ya pili, na ndani yake mna wimbo una jina la Obama. Si wa kampeni. 2006 walialikwa tamasha Chicago, viza zikakwama, ofisi ya seneta wa Illinois ikawasaidia. Wakafanya kama benga ilivyofanya siku zote: mtu akikutendea jema unamtaja jina kwenye wimbo. Wakati huo Obama hajawa rais wa mtu.

Mtu aliniletea CD kutoka Nairobi, nikaiweka kwenye spika mbili kubwa zilizotazama barabara. Sehemu ya mwanzo watu wanapita tu, ni benga, nini kipya. Likaja jina. Boda boda wakazima injini. "Rudisha nyuma, omera!" Nikarudisha. Kukawa na mkutano pale, hadi muuza omena akaacha beseni. Halafu gitaa la yule Mmarekani likaanza kulia lile la roki, refu, linapanda linakwaruza. Kulikuwa na mpiga solo mmoja wa zamani, mtu wa mikono kweli, amesimama na fimbo yake. Akatega sikio, akasema, "Huyu alianza vizuri. Sasa amelewa." Lakini hakuondoka. Benga ina ile sehemu ya mwisho, mwimbaji akishanyamaza, magitaa yanabaki peke yake yanakimbizana, besi inaruka kama mtoto ameachiliwa shule. Wale Wamarekani walipofika hapo waliingia kweli. Mzee akagonga fimbo chini mara moja. "Aa. Amelevuka."

Baada ya hapo Disemba ikafika, na mnaijua Januari 2008. Kibanda sikuwa nacho tena. Bendi ikatoa nyingine 2009, Thank You Very Quickly, na wimbo wenye jina hilo ni wa kuwashukuru waliowatumia familia zao pesa siku zile za vurugu. Niliusikia kwa simu ya mtu, nimekaa kwenye kochi la shemeji yangu Manyatta. Sikumwambia mtu yeyote. Nilimrudishia simu yake.

Nyar Nyalenda, Kisumu

Mzee, tumekusikia. Ero kamano.

Mwalimu wa Zamu, Vihiga

Nimesoma ya Saa Sita Usiku kuhusu Oktoba 21, nikaona niungame, miaka imepita.

Nafundisha shule ya bweni. Siku iliyotangulia ilikuwa Mashujaa, wanafunzi wako shuleni, walimu wengi wamekwenda makwao, zamu ikaniangukia. Simu kwa wanafunzi ni marufuku. Ukikamatwa nayo unaita mzazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga mambo yangu: saa tano na nusu nizungukie mabweni, saa sita niwe staffroom, mlango nimefunga, albamu.

Bweni la mwisho, kitanda cha juu kando ya dirisha, nikaona mwanga chini ya blanketi. Nikaenda kwa vidole. Nikafunua. Kijana wa kidato cha tatu, mkimya, wa kukaa nyuma, amekodoa macho kama swara. Simu mkononi, waya masikioni. Nikaichukua. Skrini inaonyesha dakika za kungoja. Hakuwa anaongea na msichana, hakuwa anacheza kamari. Alikuwa anangoja The Car.

Mimi na yeye tukatazamana. Miaka minane nimefundisha pale, sijawahi kukutana na mtu mwingine.

Ningefanyaje? Sheria ni sheria, na wenzake thelathini wamelala au wanajifanya wamelala. Nikamnong'oneza, "Wimbo wa kwanza tu. Ukiisha, lete." Nikasimama pale kando ya kitanda, mikono nyuma, kama nakagua wavu wa mbu. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye bati. Wimbo wa kwanza wa albamu ile ndio huohuo wa rangi ya pinki, kwa hiyo naujua ulipo kwa kuhesabu tu kichwani: sasa ni piano, sasa ameanza kuimba. Alipomaliza akatoa waya, akazikunja vizuri, akanikabidhi simu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na zile zingine tisa?"

Nikamwambia alale.

Mzazi niliita, ndiyo. Msinipigie kelele. Lakini mwisho wa muhula nilimpa karatasi nimeandika majina ya nyimbo zote kumi, na mbele ya kila moja mstari mmoja wa maoni yangu. Ameniletea majibu Januari, kurasa nne. Hakubaliani nami karibu kila mahali. Anadai wimbo wa pili ndio bora. Mtoto wa watu.

Sibabaiki, Nakuru

Nimesoma uzi wote na nitasema msichotaka kusikia. Nyinyi hamtafuti wa kumwambia. Mnapenda kuwa peke yenu. Siku mtakayosikia makanga ameweka bendi hiyo kwa sauti, abiria wote wanaimba, mtaihama kesho yake mkaitafute nyingine isiyojulikana. Fundi Rangi jibu bila kuzunguka: albamu ya Arctic Monkeys, AM, ilipotoka 2013 na kila chumba cha chuo kikawa kinalia lile gitaa la mwanzo, ulifurahi?

Fundi Rangi, Nakuru

Sikufurahi. Nilikuwa na mwenzangu wa chumba aliyefanya mlio wa simu. Nilimnunia wiki mbili.

Lakini ni tofauti, Sibabaiki. Mlio wa simu ni mlio wa simu. Natafuta mtu wa kuniambia gitaa liko wapi.

Makanga Mstaafu, njia ya Njoro

Nimeitwa makanga, nimekuja.

Nilifanya njia ya Nakuru na Njoro miaka sita, wateja wakubwa wakiwa wanafunzi wa Egerton. Dereva wangu alikuwa mtu wa Mugithi. Tulikubaliana, kupanda ni yake, kushuka ni yangu. Yangu ilikuwa roki, na si ya Waingereza, ya hapa. Crystal Axis wa Nairobi wana wimbo unaitwa "Nyayo House", jina la lile jengo la serikali ambako watu waliteswa enzi za Moi. Ulipotoka niliuweka siku hiyohiyo, sauti juu, gari imejaa. Wanafunzi, waya masikioni, hawana habari. Mbele kando ya dereva alikuwa amekaa mzee mmoja wa koti la suti na kofia, mfuko wa mbegu za viazi katikati ya miguu.

Kiitikio kilipofika mara ya pili mzee akageuka. "Wewe, wanaimba nini hao?"

Nikamwambia, "Nyayo House, mzee."

"Zima."

Nikanyoosha mkono nizime. Akaushika mkono wangu. "Hapana. Acha." Akageuka mbele. Sijui alikuwa anafikiria nini, sikuuliza, na mtu wa umri ule akinyamaza kwa jina lile unajua tu kuna vyumba chini ya ardhi vinavyohusika. Ngoma zinapiga kama mtu anavunja mlango. Vijana walioimba hawakuwa wamefika shule mambo yale yalipokuwa yanafanyika. Mzee hakutikisa kichwa, hakupiga mguu. Aliweka kofia magotini.

Njoro akashuka, nikamshushia mfuko. Alikuwa amenipa mia mbili, chenji yake nimeikunja mkononi. Hakungoja. Nilimwita, "Mzee, chenji!" Akapunga mkono bila kugeuka, akaenda na viazi vyake.

Dereva akaniambia, "Huo wimbo weka pia tukipanda."

Kimya Kingi, Eldoret

Hapo sina utani.

Sibabaiki, Nakuru

Sawa. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu.

Fundi, swali la mwisho halafu nakuacha. Ile rangi ilikwenda wapi? Mama hakuichukua, bila shaka.

Fundi Rangi, Nakuru

Nilikatwa mshahara, kopo likawa langu. Nusu nilipakia mlango wa choo nyumbani. Nusu bado iko, nimeifunga vizuri na nailoni juu.

Sibabaiki, Nakuru

Ni pinki ya namna gani? Iliyoiva au iliyopauka?

Fundi Rangi, Nakuru

Imepauka. Kama ndani ya pera.

Sibabaiki, Nakuru

Niwekee. Nina chumba cha mtoto hapa Free Area na fundi amenichosha na krimu. Nitapita Jumamosi baada ya saa nane. Nitakuwa na hedifoni, usiniulize nasikiliza nini.